Skrinseva ya sinema si picha, jamani!

Haya wadau, leo sina habari za UE wala za boom. Leo nagombana na watu wa skrinseva.

Hapa Nyakato kuna steshenari tunayochapishia kazi (jina silitaji). Juzi mtu kashusha pale skrinseva ya The Matrix, zile herufi za kijani zinazomwagika kama mvua. Kesho yake kila flashi iliyochomekwa inatoka folda zote zimegeuka shotikati. Mwenzangu ninayekaa naye chumba kimoja alikuwa na azimio la kazi na maandalio ya somo yote ya BTP humo. Fundi kamwambia "fomati tu, itapona." Ikapona kweli... ikiwa tupu! Na msimamizi kutoka chuo anapita shuleni wiki ijayo. Kinachoniuma ni kwamba virusi vya aina hiyo mara nyingi havifuti kitu, vinaficha tu. Ungeruhusu kompyuta ionyeshe mafaili yaliyofichwa, huenda kazi ungeikuta imekaa palepale.

Nikalalamika, nikajibiwa "acha ushamba, ile ni picha tu." Si picha! Kwenye Windows, faili la skrinseva linaishia na .scr, na .scr ni programu kamili, ndugu moja na .exe. Ukilibofya umeshamkaribisha mgeni ndani, na ufunguo umempa. Halafu unafanya hivyo kwenye kompyuta ya watu wote, msimu wa ripoti za fildi!

Tena kwa faida gani? Skrinseva zilikuja enzi za skrini za chogo, ambazo picha ikiganda muda mrefu ilikuwa inaacha kovu kwenye kioo. Hizi skrini bapa za steshenari hazina ugonjwa huo kwa kiasi cha kukusumbua. Izime tu, LUKU yenyewe tunachangishana.

Halafu hao wanaojiona mahaka kwa herufi za kijani... Simon Whiteley, aliyezibuni kwa ajili ya ile filamu ya 1999, alikuja kusema alizitoa kwenye vitabu vya mapishi vya mkewe, vya Kijapani. Sushi! Yaani mtu wa Mwanza unahatarisha kazi za wenzako ili utazame mapishi ya samaki.

Na kama ni samaki, sisi ndio wenyewe. Filamu iliyolipeleka jina la Mwanza hadi kwenye Oscar ni Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, ya 2004, kuhusu sangara wetu. Mwaka 2006 iliingia kuwania tuzo ya filamu bora ya maelezo, na mwaka huohuo Rais Kikwete akailaumu hadharani. Sijamwona hata mmoja anayetaka skrinseva ya filamu hiyo, na simlaumu. Ila msiniambie eti picha nzuri za sinema lazima zitoke Hollywood. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya 2021, imetoka kwenye riwaya ya Adam Shafi ambayo wengi wetu tuliikaririshwa A-level. Zile rangi za Zanzibar mle ndani zinatosha kupamba kompyuta za chuo kizima.

Na wala huhitaji kushusha chochote kwa watu usiowajua. Windows ina skrinseva yake inayoitwa Photos. Tafuta "screen saver" kwenye mipangilio, chagua hiyo, ionyeshe folda yako ya picha, basi. Weka Jiwe la Bismarck jua likizama. Weka dagaa wa Mwaloni Kirumba, au Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025. Taa zikiwaka usiku lile ni sinema tosha. Picha ya daraja ninayo, nimeipiga mwenyewe nikitokea Sengerema. Anayeitaka aje, ila flashi yake naiskani kwanza.