TUSIFICHE KUVU KWA RANGI

Kila mwaka, mvua za Machi hadi Mei zinapopungua, huonekana katika kambi nyingi za jeshi na polisi jambo ambalo tumelizoea kupita kiasi. Pembe za dari hugeuka nyeusi, ukuta ulio nyuma ya kitanda hutoa madoa ya kijani, viatu vya ngozi huota ukungu, na nyumba nzima hunuka uvundo. Ukaguzi ukitangazwa, ndoo ya chokaa hutafutwa upesi. Mkaguzi hupita, husifu weupe wa ukuta, na baada ya majuma machache madoa hurudi palepale.

Sisi tunaona kwamba wakati umefika wa kulitazama jambo hili kama askari anavyopaswa kulitazama kila jambo, yaani kwa kutafuta chanzo chake. Mbegu za kuvu ni ndogo mno, nazo zimo hewani kila mahali. Chakula chao ni mbao, karatasi, nguo na vumbi, vitu ambavyo havikosekani nyumbani. Zinachongojea ni unyevu tu. Kitu kilicholowa kisipokauka katika muda wa saa 24 hadi 48, kuvu yaweza kuanza kuota. Kwa hiyo penye kuvu pana maji: bati linalovuja, bomba lililopasuka ndani ya ukuta, msingi unaonyonya maji ya ardhini, au mvuke wa mapishi usio na pa kutokea. Waliokaa katika zile nyumba za bati za mviringo ziitwazo "mama ingia pole" wanajua jinsi kuta zake zinavyotoa jasho alfajiri.

Madhara yake si ya macho na pua peke yake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009, lilieleza kuwa wakazi wa nyumba zenye unyevu na kuvu hupatwa zaidi na maradhi ya njia ya hewa, ikiwemo pumu. Askari hushinda lindoni, lakini mtoto wake mchanga hushinda na kulala humo humo.

Wala mtu asidhani kuwa haya ni ya nchi maskini tu. Mwezi Desemba 2020, katika mji wa Rochdale, Uingereza, alifariki mtoto wa miaka miwili. Novemba 2022 mchunguzi wa vifo alitamka kuwa ugonjwa wake wa kupumua ulitokana na kuvu ya muda mrefu katika nyumba ya kupanga. Baba yake alikuwa amelalamika, akaambiwa apake rangi juu yake. Kutokana na msiba huo ilitungwa sheria mwaka 2023, na tangu Oktoba 2025 wenye nyumba za kijamii nchini humo wanabanwa kwa muda maalumu wa kuchunguza na kutengeneza. Jeshi la Marekani nalo, mwaka 2022, lililazimika kuwahamisha askari zaidi ya 1,000 kutoka mabweni ya Fort Bragg kwa sababu ya unyevu na kuvu. Nguvu ya jeshi haizuii ukuta usiote kuvu. Matengenezo ndiyo yazuiayo.

Basi tufanye nini? Doa lisilozidi kama mita moja ya mraba, mwenye nyumba aweza kuliondoa mwenyewe kwa maji, sabuni na brashi, akiwa amevaa glavu na kufunika pua na mdomo, madirisha yakiwa wazi, kisha akaukaushe ukuta. Asichanganye kamwe jiki na dawa nyingine ya kusafishia choo, kwani mchanganyiko huo waweza kutoa hewa ya sumu. Wala asikaushe chumba kwa jiko la makaa huku amefunga mlango; moshi usioonekana wa makaa umeua watu wengi usingizini.

Doa likizidi kipimo hicho, au kuvu ikiwa ndani ya dari, au maji yaliyoingia yakiwa ya choo, kazi hiyo ni ya mtaalamu. Lakini si kila abebaye bomba la kupulizia dawa ni mtaalamu. Fundi wa kweli huanza kwa kuuliza maji yanatoka wapi, naye huja na kipimo cha unyevu. Huzuia uvujaji kwanza. Hukizingira chumba kwa karatasi za plastiki ili mbegu zisisambae, huondoa dari na magodoro yaliyooza, husafisha kilichobaki, hukikausha, na mwisho kabisa ndipo hupaka rangi. Anayeanza kwa rangi au manukato anauza harufu nzuri ya siku chache. Hata kuvu iliyokufa huweza kumdhuru mwenye pumu. Lazima iondolewe, si kuuawa tu.

Kwa hiyo mkataba uandikwe. Utaje chanzo cha maji, eneo la kazi na siku ya kukagua tena baada ya mvua kunyesha. Sehemu ya malipo izuiwe hadi ukaguzi huo upite, na mkaguzi asiwe yule yule aliyelipwa kufanya kazi. Fedha za kikosi ni fedha za wananchi.

Linabaki jambo moja, nalo ni zito kuliko yote. Askari wengi huficha kuvu kwa kuogopa kuitwa wachafu. Tunatoa mwito kwa wakuu wa kambi: anayeripoti ukuta unaovuja asikaripiwe, bali jina la nyumba yake liandikwe katika orodha ya matengenezo. Na mkaguzi akiingia nyumbani, asitazame weupe wa ukuta tu. Auguse kwa mkono, atazame nyuma ya kabati, aulize watoto wanakohoa tangu lini. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa kwanza wa kuziba ni ule wa kuogopa kusema.