Kiingereza cha Mzee Mgonjwa



Wengi wetu tunaye mzazi, shangazi au jirani aliyekimbia Kivu ya Kusini, akakaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu huko Kigoma, kisha akapokewa Marekani kichwa kikiwa cheupe kwa mvi. Huko huketishwa darasani pamoja na vijana wanaotafuta kazi, akariri alfabeti, rangi na majina ya miezi. Kwa maoni yetu, hapo anaanzishwa pasipo pake. Mzee wa miaka 70 anahitaji kwanza kusema panapomuuma, tangu lini, na dawa anazokunywa. Sheria ya uraia ya nchi ile humsamehe mtihani wa Kiingereza mwenye miaka 55 aliyekaa huko miaka 15 kwa kibali cha kudumu. Ugonjwa haumngojei miaka hiyo.

Tuchukue mfano wa saa. Mzee amejua kuhesabu, na mwalimu amemsifu. Muuguzi anamwambia anywe kidonge saa ya "eight". Yeye anajua kwamba neno lile ni nane, basi anakunywa saa nane, jua limekwisha kupita utosini, kumbe muuguzi alikusudia saa mbili ya asubuhi. Hesabu yake ni sahihi kabisa, na saa sita zimepotea. Ikiwa ni sindano ya sukari iliyopaswa kwenda pamoja na chakula cha asubuhi, hilo si jambo dogo. Tena aliyesoma Kifaransa kidogo anaona "pain" kwenye karatasi ya hospitali, anafikiri anaulizwa habari za mkate. (Tumecheka sana juu ya hilo, lakini mgonjwa hakucheka.) Mwalimu asiyeuliza wanafunzi wake wanahesabuje saa kwao atafundisha namba, wala hatafundisha dawa.

Kuna jambo lililo zito zaidi. Kwa sababu wajukuu hushika lugha upesi, ndio wanaopelekwa kwa mganga kuwa wakalimani. Bibi anakaa mbele ya mganga, mjukuu wa miaka 11 yuko katikati. Anatoka damu mahali asipoweza kupataja mbele ya mtoto wa mwanawe. Anasema, "Ni tumbo kidogo tu." Mtoto anatafsiri vema, mganga anaandika, na wote wanarudi nyumbani na dawa ya tumbo. Hapo lawama si ya mtoto, wala ya bibi aliyelinda heshima yake.

Mtu atasema: hospitali za kule zinazopokea fedha za serikali zinapaswa kumtafutia mgonjwa mkalimani bila malipo, na kanuni ya mwaka 2016 ilizikataza kumtegemea mtoto isipokuwa kwa dharura, basi Kiingereza cha nini? Ni kweli, lakini haki hiyo yenyewe huombwa kwa Kiingereza, pale mapokezini, na mtu asiyejua hata sentensi moja hunyamaza. Hata mkalimani akipatikana kwa simu, huenda akawa mtu wa pwani. Kwetu mganga ni daktari wa hospitali. Kwake mganga ni mtu wa mitishamba na hirizi. Bibi akisema alitibiwa na mganga kambini, daktari Mmarekani atasikia habari nyingine kabisa. Kwa hiyo afundishwe kusema kwamba anataka mkalimani, na kwamba Kiswahili chake ni cha Congo. Na kama anasikia Kibembe au Kifulero vizuri zaidi, akitaje hicho.

Tungependa ndugu zetu wanaofundisha wazee huko waache vitabu vya rangi kwa muda. Siku ya kwanza kila mzee aje na mfuko wake wa dawa, aumwage mezani, na saa ya ukutani ichorwe ubaoni yenye namba za aina mbili: zao ndani, zetu nje. Wajukuu wangoje nje ya mlango.