Kusoma herufi ukutani si kupimwa macho

Wewe uliyetoka kambi ya macho ya bure ukiringa kwamba umesoma herufi zote hadi mstari wa mwisho, hebu tulia kidogo. Hongera, lakini chati ile imepima kitu kimoja tu: sehemu ndogo ya katikati ya uonaji wako. Glakoma, ile mtaani tunaita presha ya macho, kwa kawaida haianzii hapo. Huanza pembeni, polepole, bila maumivu, na ubongo huziba mapengo kwa ujanja hadi huoni giza lolote. Unaona dunia kama kawaida, ila watu na pikipiki wanakutokea "ghafla" kutoka kando.

Nyuma ya kila jicho kuna neva inayopeleka picha kwenye ubongo. Ifikirie kama kebo ya intaneti yenye nyuzi takriban milioni moja. Glakoma huua hizo nyuzi, na zikifa hazirudi. Si miwani, si upasuaji. Dawa zilizopo hushusha presha ili zilizobaki zisife. Sasa sikiza: watafiti waliolinganisha macho ya marehemu na vipimo vyao vya walipokuwa hai waligundua kwamba mtu anaweza kupoteza robo hadi theluthi ya seli zenye nyuzi hizo ndipo kipimo cha upana wa kuona kionyeshe kasoro. Na hicho ndicho kipimo kizuri, kile cha kubonyeza kitufe kila unapoona taa ndogo ikimulika. Je, chati ya herufi?

Ndiyo maana nasema tudai picha. Mimi si daktari, chuo chenyewe nilikiacha mwaka wa pili, lakini hili halihitaji digrii kulielewa. Kuna mashine inaitwa OCT, iliyotangazwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1991. Unaweka kidevu, unatazama alama, sekunde chache, basi. Inamulika ndani ya jicho na kusoma jinsi mwanga unavyorudi, kisha inatoa unene wa tabaka la nyuzi za neva. Kwa mtu mzima mwenye afya, wastani ni kama mikromita 90 hadi 100, sawa na karatasi moja ya daftari. Tabaka likikonda upande wa chini, daktari anatarajia pengo upande wa juu wa uonaji, maana picha huingia jichoni kichwa chini. Skani na kipimo cha upana vikikubaliana, hapo hakuna kubahatisha.

Lakini usishtuke kila ukiona rangi nyekundu kwenye ripoti. Mashine inakulinganisha na watu wa rika lako waliohifadhiwa kwenye data yake, na macho hayafanani. Kama wewe ni wa miwani mizito, huoni mbali bila hiyo, unaweza kupakwa nyekundu na huna ugonjwa. Tena glakoma ikishafika mbali, tabaka hugota karibu mikromita 50 na kuacha kukonda, kwa sababu mishipa ya damu na tishu nyingine bado zipo, huku mtu akizidi kupoteza kuona. Hapo kipimo cha upana ndicho kinachosema ukweli. Kwa hivyo anayekuuzia skani peke yake kama jibu la kila kitu, naye ni wale wale wa chati.

Mjomba wangu aliendesha matatu miaka mingi. Mwaka mmoja alivunja kioo cha pembeni mara tatu, makanga wakamtania ati anazeeka. Alikuwa na miaka 44. Alipopimwa vizuri, jicho la kushoto lilikuwa limebaki na tundu la katikati tu. Chati alikuwa anaisoma bila shida.

Na usiniambie haya ni mambo ya Wazungu. Hapa hapa Nakuru, watafiti walibandika kifaa kidogo kwenye simu na kupiga picha za neva za watu zaidi ya 1,400. Matokeo yalichapishwa 2016: mtu asiye na mafunzo ya macho alipata picha zinazokaribiana na za mpiga picha mzoefu. Simu haipimi unene kama OCT, lakini inaonyesha kile kishimo kwenye neva, ambacho glakoma hukipanua. Kwa nini basi kambi nyingi mjini bado zinaishia kwenye chati na meza ya fremu? Maoni yangu: miwani inauzika siku hiyo hiyo.

Sisi watu weusi glakoma hutupata mapema na kwa ukali zaidi. Ukiwa na mzazi au ndugu wa damu anayeugua, hatari yako iko juu mara kadhaa. Na wewe unayenunua matone ya macho mekundu kwa kemisti bila kuandikiwa, baadhi yana steroidi. Ukiyatumia wiki kadhaa yanaweza kupandisha presha ya jicho, hata una miaka 20.

Kwa hivyo ukienda, usiseme tu "nataka kupimwa macho". Sema unataka neva iangaliwe na presha ipimwe, na pakiwa na shaka, skani pamoja na kipimo cha upana. Presha ikiwa sawa usiage haraka, wapo wenye glakoma na presha ya kawaida. Halafu omba nakala ya picha. Iweke kwenye simu kando ya zile selfie zako zote, maana daktari atakayekuona miaka miwili ijayo ataihitaji ajue kama kuna kilichopungua.