Tabdila Isiguse Kiishio -e

Washairi wenzangu, siku hizi zinatufikia tungo ambamo mama humwombea mwanawe "asoma" badala ya "asome". Mshairi akiulizwa, hujibu kwamba kina cha ubeti kilidai -ma, naye ana haki ya tabdila. Nasema haki hiyo hana.

Tabdila ni ruhusa ya kubadili sauti ya neno bila kuongeza wala kupunguza mizani, na neno lililobadilishwa hubaki na maana yake. Huo ndio mpaka wake. Kiishio -e huonyesha jambo linalotakiwa, linaloombwa au linaloamriwa, ambalo bado halijatendeka. Ukikiondoa ukaweka -a, hukubadili sauti tu. Umeleta neno jingine, la kutoa habari. Mtoto asoma, yaani kitabu kiko mkononi. Dua imegeuka taarifa.

Wapo wanaosema kwamba msomaji ataongozwa na kiambishi cha mwanzo. Kwa "tusome" na "twasoma" wana hoja, maana maneno hayo yanatofautiana tangu mwanzo. Lakini nafsi ya tatu je? "Asoma" na "asome", "waenda" na "waende", maji "yapita" na maji "yapite": hapo irabu moja ya mwisho imebeba mzigo wote. Tena sehemu ya mali hii hatunayo, kwa kuwa vitenzi vyenye asili ya Kiarabu havipokei -e. "Arudi" yaweza kuwa habari, yaweza kuwa ombi, na muktadha pekee ndio unaotuambia. (Wahispania nao wana "habla", anasema, na "hable", aseme, irabu zile zile mbili, na sidhani kama washairi wao huzichezea.)

Asiyeona uzito wa irabu hiyo na asikilize kisa hiki. Miaka kadhaa iliyopita, ukoo mmoja wa hapa Puge ulikutana baada ya matanga kugawa mali ya marehemu. Mwandishi wa kikao, mtu mpenda lugha ya kishairi, aliandika: "Mjane akaa katika nyumba ya mumewe." Wote waliokuwapo walijua kilichoamuliwa: akae. Mwaka uliofuata shemeji mmoja aliitaka nyumba. Akaishika karatasi ile, akasema haina amri yoyote, inaeleza tu mahali alipokuwa akiishi mama yule siku ya kikao. Niliitwa kuisoma kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa Kiswahili. Kisarufi shemeji alikuwa na haki, na ilinichoma kulisema hilo mbele ya mjane. Ikabidi wazee wafuatwe mmoja mmoja, waeleze walichokata. Bahati njema walikuwa hai.

Nimechoka pia kuambiwa kwamba -e ni madaha ya watu wa pwani, tuliyoletewa sisi wa bara na misafara pamoja na shanga na kaniki. Misafara ilileta mengi Unyanyembe, lakini kiishio hiki Wanyamwezi walikuwa nacho katika lugha yao wenyewe, kama walivyo nacho Wabantu wengi. Mpagazi aliyebeba pembe hadi Bagamoyo hakwenda kufundishwa huko namna ya kuomba. Wala sheria za ushairi hazikuandikwa na watu wa pwani peke yao. Kaluta Amri Abedi, aliyetoa Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, alizaliwa Ujiji, mwisho wa njia ile ile ya misafara. Na Mathias Mnyampala, bingwa wa ngonjera, alikuwa Mgogo.

Kina kikikataa, kibadilishwe kina. "Asome" ana wenzake wengi: shime, kiume, umeme, mfalme, na kila kitenzi cha -ma kikiingia katika kuomba huja na -me yake: alime, apime, asimame, aseme. Mshairi asiyepata kitu katika orodha hiyo aufute ubeti, aanze upya.