Kontrakta Chini ya Kontrakta: Mshahara Wadaiwa kwa Nani?

Kibarua ameandikwa na kontrakta mdogo; kontrakta mdogo amepewa kazi na kontrakta mkubwa mwenye laiseni; na huyo mkubwa amepewa kazi na Serikali au kampuni. Siku ya mshahara fedha zikipungua, amdai nani? Kila mmoja atamwonyesha mwenzake kwa kidole. Shauri la namna hii lilikatwa katika nchi ya India mwaka 1982, na kwa kuwa mambo ya vibarua na manyapara ni mambo tuyajuayo sana, yafaa wasomaji walisikie.

Mwaka huo mji wa Delhi ulikuwa ukijengwa viwanja, barabara na hoteli kwa ajili ya Michezo ya Asia, iliyofunguliwa mwezi wa Novemba. Serikali iliwapa kazi makontrakta, nao wakawatumia watu waitwao jamadar kuwakusanya vibarua kutoka Rajasthan, Uttar Pradesh na Orissa. (Neno hilo ni ndugu wa jemadari wetu, ila hawa jeshi lao lilikuwa la makoleo.) Mshahara wa chini kwa sheria ulikuwa rupia 9.25 kwa siku. Fedha zilipita mkononi mwa jamadar, naye akakata rupia 1, kibarua akapokea 8.25. Rupia moja yaonekana kitu kidogo; lakini mtu akifanya kazi siku 26 amekwisha kunyang'anywa karibu mshahara wa siku tatu.

Chama cha kutetea haki, People's Union for Democratic Rights, kikamwandikia barua Jaji P. N. Bhagwati wa Mahakama ya Juu, na Mahakama ikaipokea barua ile kuwa ni mashtaka. Serikali ilijibu kwamba vibarua si watu wake, ni wa makontrakta, basi waulizwe makontrakta. Jawabu hilo lilikataliwa.

Sheria ya Vibarua wa Kontrakta ya mwaka 1970 ilikuwa wazi. Ilihusu mahali penye watu 20 au zaidi, na katika neno kontrakta ilimhesabu kontrakta mdogo pia. Laiseni haikuweza kuhamishwa kwa mtu mwingine. Mshahara ulikuwa juu ya kontrakta, lakini mwajiri mkuu, yaani mwenye kazi yenyewe, alipaswa kumtuma mtu wake akae penye meza ya malipo, aone kila mmoja akipokea, kisha ashuhudie kwa sahihi katika rejesta. Kontrakta asipolipa, au akilipa pungufu, mwajiri mkuu alilipa yeye, halafu akazikata fedha hizo katika hesabu ya kontrakta. Hali kadhalika maji ya kunywa, vyoo na dawa za huduma ya kwanza. Kwa maoni yangu nguvu yote ya sheria hii ilikuwa katika ile sahihi. Maana sahihi ikitiwa kabla fedha hazijahesabiwa, rejesta nzima ni karatasi tu.

Mahakama iliamuru mshahara utiwe mkononi mwa kibarua mwenyewe, bila kupitia kwa jamadar. Ikasema tena kwamba mtu anayefanya kazi kwa malipo yaliyo chini ya kima cha sheria, kwa kusukumwa na njaa, amefanyizwa kazi ya lazima, jambo lililokatazwa na Katiba ya India. Iliwalaumu na mahakimu waliokuwa wakiwatoza wavunja sheria faini ndogo, kwa kuwa kontrakta huilipa faini kama hiyo akaendelea na faida yake.

Tangu Novemba 2025 sheria ya 1970 imeondolewa, na mahali pake pamewekwa sheria iliyopitishwa mwaka 2020. Maji, vyoo na huduma ya kwanza sasa ni wajibu wa mwajiri mkuu moja kwa moja, hangoji kontrakta ashindwe. Ila idadi imepandishwa kutoka watu 20 hadi 50, na kontrakta mdogo mwenye vibarua 40 hahitaji tena laiseni.