Chupa ya chanjo ni ya majirani, si ya boma moja

Mvua ya Novemba ikikosekana Kitui au Makueni na ndengu zikakauka shambani, karo ya Januari hutoka kwa kuku. Hilo kila mtu huku analijua. Ndiyo maana nashangaa kwamba kuku hao hao, ambao ndio akiba ya dharura ya boma, wengi tunawaacha bila chanjo ya kideri.

Utasikia mtu akisema, "Aah, kuku wa kienyeji ni mgumu, hahitaji dawa." Ugumu wake ni wa jua na wa kujitafutia chakula. Mpe kivuli na maji safi mchana, atastahimili joto la Mutomo au Kibwezi vizuri tu. Kideri ni kitu kingine. Ni virusi, hakina tiba, na kikiingia kwa kuku wasiochanjwa kinaweza kumaliza karibu wote kwa siku chache. Jumatatu unao 12, wikendi unafagia manyoya.

Lakini mimi sidhani shida ni ukaidi. Shida ni chupa. Chanjo huuzwa kwa chupa ya dozi nyingi, 100 kwa mfano, na ikishachanganywa haiwekwi: ni ya kutumika saa chache tu. Mwenye kuku 12 anamwaga dozi 88. Nani atafanya hivyo?

Sasa hesabu maboma manane yanayopakana, kila moja kuku 12. Hao ni 96. Tuseme chupa ni shilingi 400 (bei ya leo uliza agroveti wako), basi kila boma linatuma 50. Mweka hazina awe mmoja, na alipe moja kwa moja kwa till ya duka badala ya kutoa cash kwa wakala, ndiyo ujumbe ubaki na jina la duka na kiasi. Auweke kwenye grupu wote wauone. PIN ni yake peke yake, hata mwenyekiti asiijue.

Michango ifungwe siku moja kabla, na hapa sibembelezi mtu. Chanjo huharibiwa na joto. Mtu akingoja Wote mpaka saa nane mchana kwa sababu jirani mmoja "anatuma sai", chupa itarudi nyumbani na jua kali. Inunuliwe asubuhi, ibebwe kwenye flaski yenye barafu, na kuku wawe bado wamefungiwa ndani. Baada ya miezi mitatu, mnarudia.

Kuna tabia inayoniudhi: kuku mmoja akianza kuzubaa na kuharisha kijani, mwenyewe anaita mnunuzi wa bodaboda awabebe wote haraka. Huko ni kupeleka ugonjwa sokoni na kwa jirani. Chanjo nayo haimponyi aliyekwisha kuugua. Mpigie afisa wa mifugo wa wadi yako.

Wale wazima utawauza Desemba, bei ikipanda. Mnunuzi akikuonyesha ujumbe kwenye simu yake ati ameshatuma, usiachilie kuku bado. Angalia salio kwenye simu yako mwenyewe. Ikiwa imeingia, toa 50 hapo hapo umtumie mweka hazina. Kama mlichanja Novemba, raundi ijayo ni Februari.