Tumuulize Alikotoka, Tumweleze Tunachokusudia

Wahenga walisema moyo wa mtu ni msitu wa giza. Hata hivyo, kila siku tunaingia katika msitu huo na kutoka salama. Sokoni Kisongo, mnunuzi wa mbuzi hutazama uso wa muuzaji akakisia kama bei itashuka. Nyumbani, mama mkwe akisema "leo kuna baridi", mkamwana huelewa kwamba anaombwa afunge mlango. Uwezo huu wa kukisia nia, hisia na mawazo ya wengine hutujia bila jitihada, ndiyo maana hatuuoni kuwa ni uwezo.

Kwa watu wengi wanaoishi na saikosisi, yaani hali inayoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwapo au ashike imani zisizolingana na uhalisi, uwezo huo huyumba. Mwaka 1992 mwanasaikolojia wa Uingereza, Chris Frith, alieleza kwamba baadhi ya dalili za skizofrenia, hasa imani ya kuandamwa, zinaweza kutokana na ugumu wa kutambua makusudi ya wengine. Majirani wanacheka njiani. Mgonjwa anaamini wanamcheka yeye. Muuguzi ananyamaza akiandika kwenye faili. Mgonjwa anaamini anaandikiwa mashtaka. Ndugu humwona mjeuri au mkorofi, ilhali kinachomsumbua ni kushindwa kusoma nia ambayo hakuna aliyemweleza.

Uwezo huu hujengwa wapi? Sehemu kubwa hujengwa mikononi mwa mlezi. Mtoto hujifunza kuwa ana hisia, na kwamba wengine nao wana zao, pale anaposikia: "Umeogopa? Pole, mama alikuwa na haraka, hakukasirika." Lakini mlezi akiwa ndiye chanzo cha hofu, au akiwa hayupo kabisa, mtoto hujifunza jambo jingine: kuwinda dalili za hatari usoni na mkononi mwa mkubwa. Ustadi huo humlinda akiwa mdogo. Akiwa mtu mzima, unaweza kumfanya aone uadui hata katika uso mtulivu. Tafiti kadhaa zimeonyesha kuwa, miongoni mwa watu wenye saikosisi, waliotelekezwa au kuteswa utotoni huwa na ugumu zaidi wa kuelewa nia za wengine, ingawa matokeo ya tafiti zote hayalingani.

Kwetu jambo hili si dogo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto nchini Tanzania ulibaini kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10 na takriban mvulana 1 kati ya 7 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu robo tatu ya vijana wote walikuwa wamepata ukatili wa kimwili. Kwa upande mwingine, uchambuzi wa tafiti 36 kutoka nchi mbalimbali, uliochapishwa mwaka 2012, ulionyesha kuwa madhila ya utotoni huongeza uwezekano wa kupata saikosisi kwa karibu mara tatu.

Takwimu hizi zisigeuzwe kuwa fimbo ya kuwachapia wazazi. Wengi waliopitia mateso hawapati saikosisi, na wengi wenye saikosisi walilelewa kwa upendo. Urithi, bangi na mambo mengine yana nafasi yake. Wala dawa zisiachwe kwa sababu tumezungumzia utoto; dawa hupunguza sauti na hofu, na mara nyingi ndizo zinazowezesha mazungumzo kuanza.

Hoja yangu ni kwamba tunauliza dalili zilianza lini, mgonjwa ametumia nini na nani katika ukoo aliugua, lakini mara nyingi hatuulizi alikua vipi. Tuulize. Tusubiri atulie, tukae naye faraghani bila ndugu, kisha tuseme: "Watu wengi wanaokuja hapa walipata mambo mazito utotoni. Kama nawe yalikupata, unaweza kuniambia kadiri unavyopenda." Tusimlazimishe kusimulia yote. Akieleza, tumshukuru, na tumwulize anahitaji nini leo. Ikiwa yupo mtoto anayeteswa sasa, tuwasiliane na ofisa ustawi wa jamii, dawati la jinsia na watoto la polisi, au simu ya bure 116.

Pili, tuache mafumbo. Lugha yetu hujivunia kusema kwa kuzunguka, na adabu yetu hudai hivyo. Kwa mtu anayepotea katika nia za wengine, fumbo ni giza juu ya giza. Mhudumu aseme: "Naandika jina la dawa yako, si jambo jingine." Ndugu aseme: "Nimenyamaza kwa sababu nimechoka, sikukasirikii." Mgonjwa naye ana haki ya kuuliza: "Ulikuwa na maana gani?" na kujibiwa bila kuchekwa. Kumfunga kamba, kumkaripia au kunong'ona mbele yake humthibitishia hofu aliyoijua tangu utotoni.

Hospitali ya Mirembe, Dodoma, iko takriban kilomita 400 kutoka Kisongo, na wachache watafika huko. Zahanati, boma na familia ziko karibu. Huko ndiko mgonjwa anakokutana na nyuso za watu kila siku, na huko ndiko anakoweza kujifunza upya, polepole, kwamba si kila uso una hatari. Kazi hiyo haihitaji mashine wala bajeti. Inahitaji swali moja la heshima na maneno yaliyo wazi, na tunaweza kuianza katika kliniki ya kesho.